Lori Linalozima Kilimani

Jumatatu, 5 Machi 1951

Nimefungua kabureta tena. Mara ya tatu. Safi. Plagi safi. Lori linawaka, linakwenda nusu maili, linakohoa, kimya. Likipumzika kidogo linawaka tena kama si lenyewe. Mambo gani haya! Nimekwama hapa Miembeni, na mama yuko Kashozi kwa dada Koku, hawezi hata kukaa. Anataka jambo moja tu, afike kwenye kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani Muleba, akiwa hai. Nimemwahidi.

Jumanne, 6 Machi

Nimemrukia Kasimu, muuza petroli. Nimesema mbele ya watu kwamba anatia maji. "Mbona wengine wanakwenda?" aliniuliza, taratibu. Baadaye niliimimina petroli kwenye chupa. Hakuna maji. Sikurudi kuomba radhi.

Jumatano, 7 Machi

Mvua. Likazima kwenye kilima cha Kashozi. Nilipuliza paipu mpaka kinywa kikanuka petroli. Likawaka, likazima. Nikaliacha, nikaenda kwa miguu. Mama alinishika mkono. "Umekuja na gari?" Nikamjibu kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mama, kesho." Nimechoka na chuma hiki. Nimechoka na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 8 Machi

Asubuhi nimeshusha tangi. Kazi niliyopaswa kuifanya Jumatatu hiyo! Ndani, vipande vya jani la mgomba. Injini ikivuta, vinaziba tundu la paipu. Ikizima, vinaelea.

Jani ni langu. Kifuniko kilipopotea mwezi jana niliziba tangi kwa jani kavu, kama mama alivyonifundisha kuziba kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Limekatikakatika humo. Na mimi natukana watu.

Saa nne nilifika kwa dada, injini inanguruma vizuri. Koku alikuwa amekaa chini nje ya mlango.

"Umechelewa kidogo tu," alisema.

Ijumaa, 9 Machi

Nilisimama Miembeni, nikamweleza Kasimu yote, la jani pia. Alivua kofia, akaenda nyuma ya lori, akasimama pale tulipomlaza mama.

Kashozi hadi Muleba. Halikukohoa hata mara moja.

Jumapili, 11 Machi

Jana tulimzika kibanjani, kando ya baba. Kasimu alikuja kwa basi, akakaa na wafiwa, hakutaja petroli. Alipoondoka aliniachia kifuniko cha tangi, cha zamani, amekifunga kwa gazeti. Nimekijaribu leo. Kinaingia.