Ukuta Niliouvunjisha

Mwenzangu, uko wapi? Leo nimeumbuka saiti, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Unalijua lile grupu langu la kwenye simu, la kuwatumia mafundi wote michoro mipya kila asubuhi? Lile nililojisifia kwako mwezi mzima?

Basi leo nimemkuta fundi mwashi anajenga ukuta ghorofa ya pili. Natazama karatasi yangu ya mchoro, ukuta haupo. Nikamfokea mbele ya wenzake, "Bomoa!" Akabomoa. Mwenzangu, AKABOMOA, bila neno!

Kumbe karatasi yangu ni ya wiki iliyopita. Kwenye mchoro mpya ukuta upo. Mchoro niliowatumia mimi mwenyewe!!

Na wote walijua. Fundi umeme, fundi bomba, wote wamesimama wananitazama tu.

Nikamfuata yule mwashi. "Mzee wangu, mbona hukuniambia?"

Akajipangusa vumbi taratibu. "Bosi, kwenye grupu lako anayeruhusiwa kuandika ni wewe tu. Tumeshazoea kunyamaza."

Sasa wameenda kula. Mimi nimekaa hapa juu ya kifusi peke yangu. Nimelifungua grupu kila mtu aandike, nikaandika, "Samahanini."

Wote wameshasoma.

Kimya.