Nilimkalisha afisa kwenye kochi la mteja, sasa dawa ya mapafu nimenyimwa

Shangazi wa gazeti, wote wanakuita Shangazi na mimi nakuita hivyo hivyo ingawa kwa umri nadhani nakuzaa, msaada naomba lakini huruma sitaki, huruma wape wale wanaolia kila wiki kwenye ukurasa wako kwamba wameachwa, mimi sijaachwa, mke wangu yupo na tunapendana mpaka majirani wamechoka. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, shule niliipita kwa mlango wa nyuma, lakini kalamu hainishindi kwa sababu mbao haijawahi kunishinda, mimi ni fundi makochi, na siyo fundi tu, ndiye fundi mwenyewe, ukitaja kochi mjini hapa bila kunitaja mimi watu wanakuuliza umefika lini.

Sasa Shangazi, kifua. Miaka yote nimekula vumbi la msasa, harufu ya vanishi, gundi na unyoya wa sponji, halafu juu yake sigara, maana enzi zetu fundi asiyevuta alionekana bado anajifunza. Zamani nilikuwa napiga mluzi kazini, watu wanazunguka njia ili wapite karakana kwangu wausikie, siku hizi kifua ndicho kinachopiga mluzi na hakiniombi ruhusa. Daktari, kijana mdogo, ndevu anazitafuta bado, akaniambia, "Babu, huu ni ugonjwa sugu wa mapafu. Kupona haponi mtu, ila ukivuta dawa hii asubuhi na jioni bila kuruka, utaishi nao vizuri." Dawa yenyewe ni ya kibomba, unabonyeza, unavuta. Shangazi, nilipovuta zile siku za kwanza nilitaka kumbeba yule daktari mgongoni nimzungushe wodi nzima!

Shida ni bei. Kibomba kimoja kinameza kochi zima, na kochi siyo maandazi, halitoki kila asubuhi. Nikatumia akili, nikawa navuta siku za wateja wakubwa tu, maana kupatana bei na mteja mkubwa kunataka pumzi, wadogo napatana nao kwa macho. Mke wangu anasema hiyo siyo akili, ni wazimu. Yeye hupika anaimba, lakini siku hizi anaukata wimbo katikati asikilize kama bado napumua, nikichelewa kukohoa anaita, "Wewe!" nami najibu, "Nipo!" anaendelea na wimbo pale alipouachia.

Yeye ndiye aliyeambiwa na nesi kwamba hospitali ina mfuko wa kuwalipia dawa wasiomudu, na afisa ustawi wa jamii huja nyumbani kwanza kuangalia hali. Siku ya afisa kuja, mke wangu akitoka kwenda sokoni akasema, "Mume wangu, nyumba iache ilivyo. Na huo mdomo, nakuomba, leo uufanye kama droo, ufunge." Lakini Shangazi, mimi najua kupokea mgeni. Nyumbani kwangu kochi hakuna, nisikufiche, kila ninalotengeneza lina mtu wake kabla gundi haijakauka, sisi tunakalia benchi la karakana ambalo mguu wake mmoja umeshakata tamaa. Mgeni wa ofisi akalie pale, fundi mwenyewe nimwangalie? Karakana palikuwa na kochi la mwenye bucha, la harusi ya binti yake, jekundu, mahameli, vifungo vya dhahabu, miguu kama ya simba. Nikalisukuma mpaka sebuleni, njiani nikapumzika kama gari moshi bovu, nikavaa koti, na kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa, nikavuta kibomba.

Hapo ndipo dawa iliponiponza. Pumzi ilijaa tele, Shangazi, na mimi nikiwa na pumzi maneno hutoka yenyewe.

Afisa, binti mwenye adabu, akaamkia, akakaa, akazama. "Mzee, hili kochi ni lako?"

"Mwanangu, mjini hapa kuna kochi gani lisilo langu?"

"Na maisha mnayamuduje?"

"Nikipiga chafya, mtaa mzima unafunga madirisha."

"Hizi dawa za kila mwezi je?"

"Dawa ni kitu gani kwangu!" Nilisema hivyo, Shangazi, na sauti ilikuwa nzuri, ungeipenda.

Mara hodi, mwenye bucha na vijana wa mkokoteni. "Fundi, nimefuata kochi langu." Afisa akanitazama. Mimi nikasimama nikanyoosha mkono kama bwana harusi, nikasema, "Chukua ndugu yangu, ni zawadi yangu kwa binti yako!" Yule bwana alikuwa ameshalilipa lote. Akanikodolea, kisha akacheka mpaka akashika mlango, akasema, "Kama leo unagawa makochi, mama mkwe wangu naye hana pa kukaa." Wakamwomba afisa anyanyuke, kochi likatolewa chini yake, akabaki amesimama katikati ya chumba anaandika, anaandika, anaandika. Mke wangu akapishana naye mlangoni, afisa akampa mkono, "Hongera mama, mko vizuri sana."

Jibu lilikuja kwamba hatustahili msaada. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alikwenda ofisini mwenyewe akaeleza yote, afisa akacheka mpaka akafuta macho, akakubali kuja tena Jumatano ijayo. Kibomba kimeisha, nikikitikisa kimenyamaza kimya. Mke wangu amesema Jumatano nikileta tena ufalme, yeye anahamia kwa dada yake na sufuria zote.

Basi nipe maneno, Shangazi, wewe ni mjuzi wa maneno, nipe maneno ambayo nikiyasema nitapata dawa lakini neno "sina" lisinitoke mdomoni. Sijawahi kulisema, hata siku ambazo sina.

Ni mimi, Fundi Mwenyewe.

*

Shikamoo mzee wangu. Heshima yako nimeshaitoa, sasa tulia nikuseme.

Barua yako nimeisomea ofisini kwa sauti, na mhariri wetu, mtu asiyecheka, alilazimika kutoka nje. Lakini nilipofika pale mama anapokata wimbo ili asikilize kama unapumua, hakuna aliyecheka. Wewe pale umepita haraka kama mtu anayevuka barabara. Rudi. Mkeo anaishi na sikio moja kwenye sufuria na jingine kwenye kifua chako, na wewe unamwekea pumzi mwenye bucha!

Dawa uliyopewa haingoji mgeni wala mteja. Kazi yake ni kuizuia hali isiharibike, ndiyo maana daktari alisema asubuhi na jioni. Ukiivuta siku za heshima tu, unailipia na haikufai. Na kwa kuwa kibomba kimeisha, usikae ukiingoja Jumatano. Nenda kliniki kesho, mwambie nesi kimeisha, umwonyeshe na jinsi unavyovuta, maana wengi huishia kuimwaga hewani. Muulize daktari na mfamasia kama ipo dawa ile ile ya jina jingine na bei nafuu. Uliza pia bima mnayoweza kujiunga nayo wewe na mama, kabla hujaanza kuwaeleza habari za chafya yako. Na ikitokea pumzi inakubana ukiwa umekaa tu, au midomo inabadilika rangi, hapo ni hospitali mbio, hata kama afisa yuko njiani.

Sigara hukusema kama umeacha. Umeiruka, nimekuona. Acha. Msasa piga nje penye upepo, uvae barakoa, na vanishi mwachie fundi mwenye mapafu mapya.

Sasa Jumatano. Kwanza, hujanyimwa dawa na mtu. Yule binti aliuliza vizuri, ukamjibu kama mwenye mji, akaandika alichoambiwa. Angeandika nini, kwamba mzee anatania? Mfuko ule ni wa watu wa kazi kama wewe waliochoshwa na kazi yenyewe. Siyo sadaka ya barabarani. Kwa hiyo karakana ifunge, koti lirudi kabatini, na makochi ya watu yakae kwa watu. Afisa akifika, mkalishe kwenye benchi lile lile la mguu uliokata tamaa. Risiti za dawa azitoe mama, na maswali ya matumizi ajibu mama. Wewe mdomo wako ni droo, kama alivyokuagiza, isipokuwa kwa jambo moja.

Umeniomba maneno yasiyo na "sina". Nimetafuta, hayapo, na kama yangekuwepo nisingekupa. Ila nitakupa maneno ambayo fundi mwenyewe anaweza kuyasema kifua mbele. Mtazame yule binti, umwambie: "Mwanangu, mji huu wote nimeukalisha mimi. Kwangu kochi sina, na pumzi sina. Naomba mnisaidie."

Yafanyie mazoezi na mama kwanza, jikoni, leo hii. Hilo neno "sina" litakukwama kooni mara ya kwanza, wewe sukuma tu, kochi la mwenye bucha lilikuwa zito zaidi. Halafu dawa ikipatikana, vuta asubuhi, vuta jioni, na mluzi ukikurudia piga kwa nguvu zote, ili yule mama aimbe wimbo wake mpaka mwisho.