Nyuma ya Twiga

Jumatatu, 8 Novemba 1909
Kolo. Vumbi mpaka kwenye kope. Jua la huku si la mchezo — mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha mizigo yetu. Bwana Rehm, Mdachi ninayemtafsiria, ametembea kwa miguu tangu boma la Kondoa. Juu ya punda wake kampandisha mpagazi mwenye homa! Ameahidi kuniandikia barua: reli ikifika Dodoma, nikawe karani wa stesheni. Miaka tisa ya kufundisha a-e-i-o-u misheni Mpwapwa imenitosha.

Jumanne, 9 Novemba
Mwamba wa picha tuliokuja kuuona! Anayeutunza ni mama mfinyanzi, Mwajabu, kama mama yake zamani. Lazima kuvua viatu chini. Bwana alivua bila kuuliza, akarukaruka juu ya jiwe la moto, Mwajabu akacheka mpaka akakaa kitako. Ukutani kuna twiga na watu wembamba, wote wekundu. Aliyewachora hajulikani. Wanawake huwanyunyizia pombe ya uwele kuomba mvua, na mwaka huu halijadondoka hata tone. Nikamuuliza Mwajabu, mbona wewe ni Mwislamu, unaswali? Akajibu: na nyinyi wa misheni mnanyunyiziana maji, nani kawauliza?
Bwana aliona twiga, machozi yakamtoka. Sikutegemea. Kisha akataka kubandua kipande. Ana patasi sandukuni! Anasema huku moshi na mbuzi wanazifuta picha. Kwao zitawekwa ndani ya kioo, zitadumu. Anaamini kabisa. Nikatafsiri. Mwajabu akasema, mwambie hizi zimefifia, akigonga zitavunjika zote. Nikatafsiri hivyo hivyo. Bwana akagusa, akaona kweli, akarudisha patasi.
Nimechora twiga kwenye karatasi ya picha. Bwana kaipenda, amesema ataiomba kabla hatujaondoka.

Jumatano, 10 Novemba
Adhuhuri Bwana kalala hemani. Mwajabu akaniita. Shikamoo mama. Marahaba Mwalimu, vua viatu, tupande.
Mwamba wa pili! Nyuma ya miba, nusu saa juu. Rangi imekolea utadhani wamechora juzi. Wanawake watano wameshikana mikono, wa mwisho kageuka kutazama nyuma. Nilisimama kama mjinga. Mwajabu akasema hapa wanawake huja tu mvua ikikataa kabisa, na kesho wanapanda. Nikauliza, mbona umenileta mimi? Akasema jana ulifikisha maneno yangu bila kuongeza wala kupunguza. Basi uyafikishe na haya: usimwambie mtu.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nimewachora wote watano. Karatasi za picha zimekwisha, nafasi ilibaki nyuma ya twiga tu. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivi. Nimefurahi, na naogopa.

Alhamisi, 11 Novemba
Tunaondoka leo. Asubuhi Bwana aliniuliza: Sila, hakuna mwamba mwingine? Nikasema sijui. Mimi! Ninayewachapa watoto wakisema uongo. Akanitazama, akasema uso wangu ni wa homa, akanipa kwinini yake mwenyewe. Laiti angenifokea.
Barua yangu ameshaiandika. Kanisomea: mtu mkweli kuliko wote niliosafiri nao. Wino unakauka mezani.
Mwajabu kapita sasa hivi na mtungi wa pombe kichwani, wenzake nyuma yake, miguu mitupu. Hakunitazama. Mbingu nyeupe, hakuna wingu.
Halafu Bwana: na twiga wangu? Karatasi ni moja. Twiga huku, wanawake watano kule. Nikimpa huyu, nimewatoa wale. Patasi iko juu kabisa sandukuni, nimeifunga mwenyewe. Nikiichana nitamwambia nini — kwamba twiga amepotea? Uongo wa pili kabla ya chai.
Amekuja. Amesimama mbele yangu, kofia mkononi, mkono mwingine ameunyoosha. Anatabasamu. Nimemwambia, subiri kidogo Bwana, bado naandika.
Anasubiri. Ana subira sana mtu huyu. Naandika. Naandika tu ili