Mzigo wa Mama Ester

Jumapili, Doonside, Sydney. Baridi ya Juni, mvua ya rasharasha tangu alfajiri.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Wiki mbili zimepita tangu nirudi kutoka Ulaya na mgongo bado unauma kana kwamba sijashuka kwenye pikipiki. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, kila mtu anataka picha. Wanauliza kama kweli nilikuwa peke yangu, mwanamke wa miaka arobaini na nne, kutoka Lisbon hadi Copenhagen na kurudi. Nasema ndiyo, nawaonyesha milima ya Uhispania, halafu narudi kubadilisha mashuka.

Hawauoni mfuko ulio juu ya kabati langu.

Kosa la kwanza lilikuwa kutangaza safari kwenye grupu la simu la watu wetu wa huku. Na nilijua! Mtu wetu akisikia unasafiri, kabla hajakutakia safari njema anauliza una nafasi ya kilo ngapi. Nilikataa dagaa, nikakataa mawese, nikawaambia jamani, naenda na pikipiki ya kukodi, si lori. Kwa Mama Ester nikashindwa.

Mama Ester ni Mrundi, anakaa Campbelltown, anafanya usafi hospitalini. Nilipofika Sydney sina ndugu wala jamaa, ndiye aliyenipa chumba na kunilisha miezi mitatu. Mdogo wake, Adelina, yuko Liège, Ubelgiji. Zamani wote walikuwa kambi ya wakimbizi Kigoma. Mama Ester akapata ndege ya kuja huku, Adelina akabaki na mama yao mgonjwa. Mama akafa, na siku za msiba yakasemwa maneno kwenye simu. Huu mwaka wa saba hawajazungumza.

Mzigo wenyewe ulikuwa kitenge cha marehemu mama yao. Mama Ester alikikata katikati, nusu akabaki nayo.

Nilimwambia posta ipo. Akasema hapana, anataka mtu amwone Adelina usoni, arudi amwambie amekuwaje. Yeye kama mkubwa ameshanyoosha mkono. Mdogo akipokea, atapiga simu mwenyewe.

Sasa niseme ukweli, maana humu daftarini ndimo nilimoahidi kutojidanganya.

Nilipita Liège, sikusimama.

Nilikuwa natoka Ujerumani, siku ya kumi na nne, mvua inapiga kofia tangu asubuhi, vidole sivihisi kwenye breki. Kibao cha kuingia Liège nilikiona vizuri sana. Nikajua nikiingia nyumba ile na kitenge cha marehemu, sitoki baada ya dakika tano. Watu watalia, chakula kitapikwa, majirani wataitwa, tutasali, nitalazwa kwa nguvu kwenye kitanda cha mtoto, na kesho yake wataniambia mbona mapema. Nilikuwa nimekwenda mbali kote kule ili kwa siku chache nisiwe dada wa mtu wala mwana wa mtu. Nikaongeza mwendo.

Kwenye kituo cha mafuta Ufaransa nikakuta ujumbe wa Mama Ester, anauliza kama nimefika kwa mdogo wake. Nikajibu huku nimesimama kwenye baridi: "Nimefika mama. Amepokea, anashukuru sana."

Anashukuru sana! Nani aliniomba niongeze hilo? Lakini ndivyo tulivyolelewa, huwezi kutoa habari ya mzigo ukaacha shukrani.

Niliporudi Sydney akanipigia, akauliza amekuwaje. Nikasema amenenepa kidogo. Akacheka, akalia, akasema kwao watu hunenepa mashavuni. Nikasema ndiyo mama, mashavuni.

Tangu hapo amekaa na simu mkononi. Jumapili iliyopita akaniambia Adelina hajapiga, basi, amejua sasa kuwa yule mtoto hana tena moyo wa kumpenda.

Leo nimekwenda. Treni mbili, mfuko mapajani. Nilimkuta ametoka kanisani, kilemba bado kichwani. Akaufungua, akakitambua kitenge, akakikunja tena kona kwa kona. Nikamweleza yote, sikuficha hata mashavu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinipakulia ugali na maharage, akakaa ananitazama nikila, ndipo akauliza taratibu:

"Kwa hiyo hata hajanenepa?"

"Sijui, mama."

Akageukia dirishani, na hapo ndipo nilipomwona. Miaka tisa naingia nyumba ile, nakula, naaga, naondoka. Mifupa ya shingo imetokeza. Gauni la kanisani linamning'inia. Sijui ni mambo ya majuma haya mawili au ya miaka saba, sikuwahi kuangalia.

Mlangoni akanirudishia mfuko.

"Hii haiko ya kwangu tena," alisema. "Utajua wewe."

Stesheni ya Campbelltown, saa kumi jioni. Liège ni saa mbili asubuhi. Namba ya Adelina ilikuwa kwenye kikaratasi ndani ya kitenge, siku zote hizo ilikuwa humo. Nikapiga kabla sijapata muda wa kujishauri. Sauti ilipoitika nilishtuka, kwa sababu ni ileile ya dada yake. Nikajitaja, nikaanza na mzigo, nikaendelea na mvua, kibao, Ufaransa na uongo wangu wa mashavu. Treni yangu ikaja, ikaondoka.

Nilipomaliza, Adelina akauliza: "Dada yangu umemwona wewe? Yuko aje?"

"Nimemwona leo," nikasema. "Amekonda."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa. Akaniomba namba ya Mama Ester, akasema ile aliyokuwa nayo aliifuta baada ya msiba. Nilimsomea mara mbili.

Sasa niko nyumbani, viatu havijakauka. Mfuko nimeuweka mezani, juu ya kabati haurudi. Likizo yote nimeshaila, kwa hiyo kesho nitaomba wanipe ya mwakani mapema, na safari hiyo sitakwenda na pikipiki. Nitashuka Liège na nitakaa mpaka wao wenyewe waniruhusu kuondoka.

Sijui kama amepiga. Natamani kumuuliza Mama Ester, lakini haki hiyo sina. Zamu ya kukaa na simu mkononi sasa ni yangu.