Kazi Inayofungwa Mvua Ikianza

Kilindoni, Mafia

Dada yangu Tatu,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga goti, maana nina shida. Hujambo na vitenge vyako hapo Kwa Mathias? Mama anaendeleaje na kifua huko Kibuta? Mimi mzima, nimenenepa, na bila mimi kisiwa hiki kisingepumua. Nitakueleza.

Ujumbe wako wa simu nimeupata: Mjomba Pazi, aliyemlea Mwanaidi, amesema hamtoi binti kwa mwanamume anayefukuzwa kazi kila masika. Nilicheka, kisha nikakaa chini mchangani. Miaka mitatu namtaka Mwanaidi, dada. Naandika kwa karatasi kwa sababu mjomba mwenyewe anasema maneno ya simu ni upepo. Mpishi wetu wa hapa kazini anavuka kesho kuja bara, atakuletea. Mpelekee mjomba, umsomee, na Mwanaidi awepo.

Kosa ni langu. Mwaka jana aliponiuliza kazi yangu nilimjibu kifupi, "Najaza mitungi."

"Ahaa, gesi."

"Hapana mjomba, hewa."

Akaniangalia. "Hewa hii hii?"

"Hii hii."

Akamgeukia jirani: "Haya, sikieni, kijana anauza hewa! Ndiyo maana hadumu kazini."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kumbe naicheka posa yangu.

Sasa sikiliza, mjomba. (Dada, hapa soma taratibu.) Watu wanatoka Ulaya kuja kuzama baharini kuangalia samaki. Hawavui, wanaangalia tu. Kule chini hakuna pumzi, kwa hiyo mtu anabeba mtungi mgongoni, na hewa ya mtungi naishindilia mimi kwa mashine. Mimi wa darasa la saba, Wajerumani wanapumua kwa mkono wangu!

Lakini kazi hii ina bosi mkubwa kuliko bosi, naye ni anga. Upepo wa kusi ukivuma, kuanzia Juni, bahari ya nje haiendeki. Tunazamia ndani ya ghuba tu. Ndiyo miezi ya nyangumi. Humwoni, ila ukiingiza kichwa majini unamsikia anaimba, sauti inakupita kifuani kama ngoma ya jirani. Oktoba upepo unakufa, maji yanatakata mpaka mtu aliye chini yako unamwona kama anaelea hewani. Ukigeuka kaskazi, bahari inalala, wageni wanajaa, mashine yangu inalia kutwa.

Halafu masika. Rufiji inashuka na udongo wa nusu ya nchi, bahari inageuka chai ya maziwa. Nyoosha mkono, vidole huvioni. Bosi anapandisha boti nchi kavu, mimi naifungua mashine naipaka grisi, anafunga mlango, ananiambia, "Tuonane Juni." Basi. Sijafukuzwa mimi, bahari ndiyo imefungwa.

Tope lile nilikuwa nalitukana sana. Nahodha wetu, Mzee Faki, akanikemea: "Wee mtu wa bara, koma! Hilo ni pishi la potwe."

Sikumwelewa mpaka Desemba hii. Nimejifunza kuogelea (Mama asijue). Mzee Faki akazima injini, akasema, "Ingia." Nikaingia. Papa potwe, dada, ni mrefu kama basi lililosimama hapo kituoni kwako. Mgongo mzima madoa meupe kama kanga wa porini. Akaja na mdomo wazi kama mlango wa gereji, nikasema Shomari kwisha. Akanipita. Hana habari na mimi. Anakula vijidudu ambavyo jicho halivioni, vilivyonenepeshwa na tope lile lile. Mkubwa wa samaki wote, na chakula chake hakionekani! Nikasema Subhanallah ndani ya mpira wa kupumulia, yakatoka mapovu tu. Unaujua mdomo wangu. Tangu siku ile tope silitukani tena.

Sasa hoja yangu, mjomba. Wewe unalima mpunga bondeni. Mkwe wa ofisini Kibaha utampata lini masika? Jumapili, tena na viatu. Mimi kazi yangu inafungwa wiki ile ile shamba lako linapoita, na inafunguliwa ukishavuna. Mungu ndiye aliyezipanga mvua hivyo, mimi sikumwomba. Mkwe wa namna hiyo mtafute hadi Ruvu, humpati.

Nisalimie Mama, shemeji yangu fundi baiskeli, na shangazi wa pale kisimani. Mwanaidi mwambie namwangalia wakati unamsomea, asijifanye anapepeta mchele.

Dada, ishia hapo kusoma. Haya ni yako. Akikataa, usigombane naye. Goti lake limekwisha, nililiona mwaka jana alivyokuwa analishika akiinuka. Nikija nitamlimia tu. Ila asijue mpaka ajibu.

Mdogo wako akupendaye,
Shomari