Barua za Kimashi

Jumanne jioni

Maman Nsimire alikuwa na haki ya kukasirika. Yeye ndiye anafuatilia wakulima wa shirika letu kule kijijini Nyantende, na leo alikuja mwenyewe mpaka kwenye biro.

"Papa Bahati, ninawaandikia, munanyamaza tu! Mihogo ya watu inaoza!"

"Hatukupata kitu, maman."

Nikafungua seva ya barua pepe, ambayo ni kazi yangu kuitunza. Zake zote zilikuwa kwenye spam, sanduku la barua taka. Yeye huandika Kimashi, lugha ya kwao, na kichujio changu kimezoea Kifaransa na Kiswahili. Kikadhani Kimashi ni takataka.

Nilizitoa, nikakifundisha kichujio kuzipokea. Agronome wetu, mtaalamu wa mazao, alizisoma palepale, akapanda pikipiki pamoja na Maman Nsimire kwenda kuona mashamba.

Sasa nimetulia. Ila nawafikiria wengine walioandika kwa Kimashi, wakangoja jibu, wakaacha.