Nilivyoapa Pamoja na Watumishi Wapya wa Serikali

Kambi ya Dzaleka, Malawi

Kwa Yaya wangu Nabintu, dada yangu mkubwa, huko Kadutu, Bukavu,

Nakushika mikono yote miwili, Yaya, kisha nakaa chini nikuulize habari polepole. Goti lako linaendeleaje? Ulisema kwenye simu kwamba kupanda mlima kutoka sokoni kunakutesa. Na ule ukuta wa nyuma ya nyumba, mvua imeuacha? Watoto wamerudi shule? Nijibu yote, usinifiche kitu kwa kunihurumia.

Sisi huku tu wazima. Sifa, mke niliyempata huku, anashona, wateja wanakuja na kuondoka. Mtoto wetu wa mwisho sasa anaomba nsima kwa Kichewa na kukataa kula kwa Kiswahili. Ugali ni uleule, ila ukimwambia hivyo anakubishia.

Ninaandika kwa kuwa ninayotaka kukuambia hayaingii kwenye simu. Mama mmoja wa kanisa letu anarudi Bukavu, amekubali kukubebea hii barua. Isome ukiwa umekaa.

Wewe umefanya kazi ya Leta, ya serikali yetu, kule ofisi ya komini tangu mi ningali kijana. Unakumbuka ulivyotusimulia siku yako ya kwanza? Shefu alikuonyesha kiti kilichovunjika mguu akakuambia, "Kaa hapo, uangalie benzako banavyofanya." Njo hayo, ndiyo mafunzo yote uliyopata. Sasa sikia namna serikali ya hapa inavyowapokea watumishi wake wapya, maana nimeona kwa macho yangu na bado sijatulia.

Unajua asubuhi ninafundisha shule ya hapa kambini, na mchana naenda kliniki kuwatafsiria wagonjwa. Siku moja mlinzi wa ofisi inayoandikisha wakimbizi alikuja hadi mlango wa darasa, akasema ninatakiwa. Yaya, hapa Dzaleka ofisi haimwiti mtu jina kwa jambo la heri. Sifa alipopata habari alinikimbilia njiani, uzi bado unaning'inia mdomoni.

"Mugisho, umefanya nini? Banataka kuturudisha?"

"Sijui. Rudi kwa batoto."

Mkubwa wa ofisi ile ni mama mmoja mnene wa makamo, Madamu Nyirongo, anayevaa miwani yenye kamba. Hakunirudisha popote. Alisema, "Bwana Mugisho, nimeletewa vijana walioajiriwa sasa hivi. Nitaanza kuwafundisha Lilongwe, kisha nitawaleta hapa. Twende wote. Nataka wakizoee Kiswahili chenu kabla hawajakaa dirishani."

Basi nikapanda gari la serikali mpaka Lilongwe, kule City Centre kwenye mabenki na balozi. Mi ni mtoto wa Bukavu, nyumba ndefu hazinishtui. Walionishtua ni wale vijana. Mashati yao yalikuwa bado na mikunjo ya dukani. Mmoja alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Msichana mmoja alikuwa akinong'ona jina lake mwenyewe, nadhani akijiandaa kujitambulisha. Miaka yote nilidhani watu wa serikali huzaliwa wakiwa na muhuri mkononi. Kumbe wanaanza hivi, wakitokwa na jasho kuliko sisi tulio kwenye foleni.

Nilingoja Madamu aanze na sheria, au na rais. Alianza na choo.

"Choo cha wanawake kiko mwisho wa korido, cha wanaume ngazi ya chini. Maji ya kunywa yale pale. Moto ukiwaka msikimbilie lifti, tokeni kwa mlango ule, tukutane kwenye nguzo ya bendera nione kama mmetimia."

Akaendelea hivyo hivyo, bila haraka. Kazi inaanza saa moja na nusu. Ukichelewa unampigia nani, ukiugua unampigia nani. Likizo, ile konje yenu, inaombwaje, na mkubwa akikunyima unamwendea nani. Mshahara usipofika unagonga mlango upi. Hapo nilikuona kabisa, Yaya, umeshika kiuno unacheka: mshahara usipofika! Halafu akasema mwanamke akijifungua anakwenda nyumbani kunyonyesha, na kiti chake hakipewi mtu. Sikucheka tena. Nilikumbuka ulivyorudi komini na kidonda cha upasuaji hakijakauka, ukiogopa kukuta mwingine amekalia kile kiti chako kibovu.

Kisha akauliza, "Mkimbizi akikuletea kuku, unasemaje?"

Kijana mmoja mrefu aitwaye Limbani akajibu upesi, "Nasema zikomo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Madamu hakucheka. "Unasema zikomo, asante sana, na kuku anarudi nyumbani na mwenye kuku. Hata soda. Hata yai. Yule mtu amekuja kuchukua haki yake, hakuja sokoni."

Nilitazama chini, Yaya. Nilifikiria kila dirisha la ofisi tulilopita, wewe na mi, na kila kilichobaki kwenye madirisha yale.

Mwishoni wakaambiwa wasimame waape. Yote watakayosikia kwa watu hawatayatoa nje: si kwa mume, si kwa mke, si kwa mzazi, si kanisani. Mi nilibaki nimekaa kwenye kona yangu. Madamu akanitazama juu ya miwani.

"Bwana Mugisho, na wewe. Masikio yako yatasikia kabla ya yao."

"Madamu, mimi si wa nchi hii."

"Najua," akasema. "Inua mkono."

Nikainua. Serikali zote nilizokutana nazo zilinidai karatasi. Hii ilikuwa ya kwanza kunidai neno langu. Nilipolitamka, sauti ilinitoka ndogo kama ya mtoto wa komunyo ya kwanza, na yule Limbani aliyesimama karibu nami, kumbe yake ilikuwa ndogo vilevile.

Tukarudi Dzaleka. Kwa mara ya kwanza nikaingia ofisi ile kwa mlango wa nyuma. Lile dirisha ambalo tumesimama mbele yake juani tangu tufike, nikaliona kutoka ndani: ubao umechubuka, kalenda ya zamani, na beseni chini ya paa linalovuja. Sijui nilitegemea nini. Niligusa ule ubao tu.

Madamu akasema wafanye zoezi la kumpokea mtu. Mi nijifanye mkimbizi aliyefika leo, nitunge habari yoyote. Wa kunihoji alichaguliwa yule msichana aliyekuwa akinong'ona jina lake. Anaitwa Tiwonge, ni wa Karonga, kule kaskazini karibu na mpaka wa Tanzania, ambako watu wengi wanajua Kiswahili kwa ajili ya biashara. Nilipoingia alisimama.

"Shikamoo, baba."

Unajua sisi watu wa Bukavu hatuna salamu hiyo, nilichelewa kuitika. Tena hakuna ofisi iliyowahi kuniamkia. Akanivutia kiti. Akamimina maji kwenye bilauri mbili, yangu na yake. Akataja jina lake na kazi yake, akasema nikichoka nimwambie tupumzike, na kwamba maneno yangu hayatatoka mle ndani bila mi kukubali. Alikuwa amekariri neno kwa neno.

Nilikuwa nimeshamtunga mtu wangu: seremala wa Uvira mwenye mke na mbuzi. Nikaanza naye vizuri. Halafu Tiwonge akauliza, "Baba, ulisafiri na nani?"

Seremala alipaswa kujibu, na mke wangu. Mdomo wangu ukasema, "Na mama."

"Anaitwa nani?"

"Sesilia M'Buhendwa."

Yaya, umeniuliza mara nyingi Mama alifikaje mwisho wake, na kila mara nimekujibu kwamba alilala tu. Nitakuandikia kama nilivyomwambia yule msichana. Mbeya alikuwa angali anatembea, ananikaripia nisibebe mfuko mzito. Homa ilimshika ndani ya lori. Tulipovuka mpaka na kuteremshwa Karonga, kando ya kanisa moja dogo lililo karibu na kituo cha malori, hakuweza kusimama. Mi sikujua mtu wala lugha yao. Wanawake walikuwa wanatoka kwenye maombi, nikamwacha mbele yao nikakimbia kutafuta mtu wa dawa. Niliporudi, kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja ya mwanamke mmoja, na wengine walikuwa wameanza kuimba polepole. Ilikuwa imeisha. Njo sababu nilikuambia alilala, sikuona mwenyewe. Hatukuwa na sanda. Yule mwanamke alifungua kikwembe kilichokuwa kiunoni mwake, cha maua ya njano, akamfunika. Walimzika alasiri ileile kwenye makaburi yao, kisha lori likaondoka nami kabla sijawaachia hata jina lake.

Nilipomaliza, hakuna aliyekuwa ameandika neno. Tiwonge alikuwa analia lakini hakugeuza uso. Limbani akauliza kwa sauti ya chini, "Madamu, si tuliambiwa tusilie mbele ya watu?"

Madamu Nyirongo alikuwa amevua miwani. "Mnadhani kwa nini niliweka bilauri mbili?" akasema. "Kunyweni maji, wote wawili."

Siku ile nilirudi nyumbani mwepesi hata Sifa akashangaa. "Banakupa nini kule?"

"Hakuna."

"Sasa juu ya nini uko nacheka?"

Nikambeba mtoto, nikatoka naye nje. Ni kwamba nilisikilizwa, Yaya, mpaka mwisho, na mtu ambaye ni kazi yake kusikiliza.

Nilidhani yamekwisha. Sikukuu ikafika, Tiwonge akaenda kwao. Aliporudi akanitumia mtu. Nilipofika ofisini Madamu alikuwepo, mlango ukafungwa.

"Baba," Tiwonge akasema, "lile kanisa ni la kwetu. Nilikwenda makaburini na mama yangu. Lipo kaburi wanaloliita la mgeni. Wanawake wakifagia ya ndugu zao, wanalifagia na lile. Aliyetoa kitenge chake yu hai, ni jirani yetu. Miaka yote anauliza yule mgeni alikuwa nani."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Niliapa."

Fikiria hilo, Yaya. Binti amesimama kaburini, mama yake mzazi yuko kando, jirani yao anauliza, jina analo mdomoni. Akalimeza. Akasafiri siku nzima kuja kuniomba ruhusa. Nimeona majeshi yakipita Bukavu, nimeona wakubwa na ving'ora vyao. Sijawahi kuona nguvu ya serikali kama niliyoiona kwa yule msichana aliyenyamaza.

Nikamwangalia Madamu. "Maneno ni yako," akasema. "Ni wewe wa kuyafungua."

"Mwambie," nikamwambia Tiwonge. "Mpigie sasa hivi."

Akampigia mama yake, jirani akaitwa, simu ikawekwa mezani katikati yetu. Tiwonge aliongea kwa lugha yao, kisha akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Aliitwa Sesilia M'Buhendwa, wa Bukavu." Sauti ya mwanamke mzee ikajaribu, "Sesiliya Mbuwenda." Nikaisogelea simu nikamsaidia. Akajaribu tena na tena, hadi akalisema sawasawa kama mtu wa kwetu kule Walungu.

Halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Na nabintu ni nini?"

Nikaiinua simu mezani.

"Alinishika mkono, akawa anasema nabintu, nabintu. Tukadhani kwa lugha yenu ni maji, tukampa maji. Akanywa kidogo, akaendelea kuita."

Nikamwambia, "Si maji, Mama. Ni binti yake mkubwa. Yuko hai, yuko nyumbani."

Nikamsikia akiwaeleza walio naye kwa lugha yao. Kisha akasema, "Basi mwambie niliitika. Kila alipoita, niliitika."

Njo habari niliyotaka uisome ukiwa umekaa, Yaya wangu. Nimekupa kama nilivyopewa.

Madamu amenielekeza namna ya kuomba ruhusa ya kutoka kambini, na watu wa Karonga wanatungoja baada ya mavuno, mi na Sifa. Wanataka kuweka msalaba. Wewe njo mkubwa, tuchagulie maneno ya kuandikwa, na useme yawe kwa Mashi, lugha yetu, au kwa Kiswahili.

Nisalimie Shemeji muuza mbao, mwambie bado namdai ule mchezo wa dama tulioacha katikati. Nisalimie Mjomba katekista, na Koko, yule bibi wa nyumba ya chini aliyetulea kwa maharagwe yake. Msalimie mama mwimbishaji wa kwaya, mwambie wimbo ule wa mazishi tunaoimba sisi, huku pia wanaujua. Watoto wako wote wabusu, hata yule mkubwa anayekataa.

Yaya, Mama hakuwa peke yake, na jina la mwisho mdomoni mwake lilikuwa lako. Lala vizuri leo.

Ni mi mdogo wako niliyekufuata mgongoni,

Mugisho